Mteja akitaka kuweka ekseli nzima mbele kwenye pikapu, muulize haya kabla hujapokea hela

Kama unauza spea mtandaoni kama mimi, lazima umeshatumiwa ile meseji: "Kaka, unaweza kunipatia difu ya mbele ya Hilux ya zamani? Nataka kubadilisha gari yangu." Chini yake kuna video ya Mmarekani anapanda mawe na pikapu ya Toyota, tairi moja juu, jingine shimoni, gari haitetereki. Mteja hela anayo, wewe una namba ya mtu mwenye mzigo. Faida unaiona kabisa iko hapo.

Subiri kwanza. Mimi oda ya namna hiyo ilinila laki 4 na elfu 30, na ilibaki kidogo tu inile jina. Ndo maana naandika leo.

Kwa wasionijua, nina duka dogo la spea Arusha. Sijasoma ufundi popote. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza na kuuza taa na vioo vya pembeni kwenye Instagram, mengine nimejifunza kwa kusimama gereji na kuuliza maswali ya kijinga mpaka mafundi wakanizoea. Kwa hiyo nikikosea neno la kitaalamu mnivumilie, ila vitu vyenyewe nimevishika kwa mkono.

Tuanze na hicho kitu chenyewe ni nini, maana huwezi kuuza usichokielewa. Pikapu nyingi za 4WD za siku hizi, mbele kila tairi lina mikono yake. Difu imefungwa kwenye chesisi katikati, halafu vishafti viwili vifupi vinapeleka nguvu kwenye matairi. Tairi la kulia likiingia shimoni, la kushoto halina habari. Kwenye lami ni raha tupu. Ekseli nzima ni tofauti: ni bomba moja nene la chuma kutoka tairi hadi tairi, difu iko humo humo ndani ya bomba, na bomba lote linaning'inia kwenye springi. Tairi moja likipanda, linalisukuma la pili chini. Ukitaka kuiona, chungulia chini ya Land Cruiser pikapu yoyote, zile za 79. Suzuki Jimny nayo iko hivyo hivyo. Na Hilux za zamani kama LN106, ile iliyotengenezwa hadi 1997, ina bomba hilo mbele likiwa limekaa juu ya springi za mabapa kama za nyuma.

Sasa zile video. Kule Marekani, Toyota waliuza pikapu za 4WD zenye ekseli nzima mbele kuanzia 1979 hadi 1985. Modeli ya 1986 ikaja na mfumo mpya wa kila tairi na mikono yake, na badala ya springi za mabapa zikawekwa zile fimbo ndefu za chuma zinazojinyonga. Watu wa kupanda milima hawakufurahi. Mpaka leo wanatafuta ekseli za 1979 mpaka 1985, wanakata mikono yote ya mbele, wanachomelea vishikio vya springi kwenye chesisi na kufunga bomba la zamani. Wana maduka ya vifaa maalum vya kazi hiyo, kila kitu kwenye boksi moja na karatasi ya maelekezo. Mteja wako video ameiona, lakini hajaona hilo boksi, na huku kwetu boksi hilo ni wewe na fundi wake.

Mteja wangu mimi hakuwa mtu wa kupanda mawe. Ni kaka mmoja wa Karatu, anabeba vitunguu kutoka Mang'ola. Anayeijua ile barabara anajua. Hilux yake ilikuwa inamaliza boljointi, na zile raba za shafti zilikuwa zinachanika, vumbi linaingia, shafti inaanza kugonga. Alichoka. Fundi wake akamwambia, "Bosi, weka difu ya Hilux ya zamani mbele, utasahau habari za boljointi." Akanitafuta mimi.

Nikampigia muuzaji mmoja wa Dar. Nikamuuliza swali moja tu: ni ya Hilux? Akasema ndiyo. Picha mbili, zote zimepigwa kutoka mbele. Nikanunua milioni 1 na laki 6, nikamuuzia milioni 1 na laki 9. Mzigo ukafika, fundi akafanya kazi karibu wiki 2, kukata, kuchomelea, kupima. Siku ya kwanza barabarani gari safi. Siku ya pili akaingia njia ya Mang'ola, akaweka foo wili, na gari ikaanza kujivuta kama imeshikwa breki, inagonga chini, stelingi inakataa kukata kona. Akanipigia akiwa njiani. Sauti yake sijaisahau, maana vitunguu vilikuwa vimeshavunwa, viko shambani vinamsubiri.

Tatizo lilikuwa meno ya difu, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndo penye hela.

Ndani ya difu kuna gia kubwa ya duara, mafundi wanaiita krauni, na ndogo inayoizungusha, pinieni. Ukigawanya meno ya krauni kwa meno ya pinieni unapata hesabu ya difu. Meno 41 kwa 10 ni 4.10. Meno 41 kwa 9 ni 4.56. Meno 39 kwa 8 ni 4.88. Hizo zote utazikuta kwenye Toyota, na ukiangalia difu kwa nje hutaona tofauti. Gari ya yule kaka nyuma ilikuwa 4.10. Ekseli niliyomuuzia ilikuwa 4.88.

Ukiwa kwenye tairi mbili hutajua chochote, kwa sababu mbele hapafanyi kazi. Ukiweka foo wili, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, lazima zizunguke sawa. Propela zikizunguka mara 10, tairi lake la nyuma linataka kwenda mizunguko 2.44, la mbele linataka 2.05. Yaani gari moja ina mioyo miwili. Kwenye mchanga laini tairi zitateleza kidogo na kuficha kosa. Kwenye ardhi ngumu hazitelezi, kwa hiyo nguvu inarudi kwenye gia na shafti mpaka kitu kikatike. Yeye alisimama mapema, hakuvunja kitu. Bahati yake na yangu.

Kupima ni bure. Sasa hivi simtumii mtu hela ya difu bila kunitumia video ya kipimo. Ekseli ikiwa chini, unafunga zile loki za kwenye habu pande zote mbili. Mtu mmoja anashika habu ya kushoto isizunguke kabisa. Wewe unazungusha ya kulia mara 20, huku mwingine anahesabu pale panapofungwa propela pamezunguka mara ngapi. Weka alama ya chaki. Ikizunguka mara 41, difu ni 4.10. Ikizunguka mara 45 na nusu, ni 4.56. Karibu na 49, hiyo ni 4.88. Kwenye gari ya mteja anafanya hivyo hivyo nyuma: gia iko huru, matairi ya mbele yamewekewa mawe vizuri, anainua tairi moja tu la nyuma kwa jeki, lile la pili linabaki chini. Anageuza lililo juu mara 20 na kuhesabu propela. Kama difu yake ya nyuma ina loki, njia hii itamdanganya, bora fundi afungue ahesabu meno. Nakuomba sana usikubali jibu la "ni sawa tu kaka, zote Hilux". Muuzaji wangu wa Dar hakunidanganya. Ilikuwa ya Hilux kweli.

Jambo la pili ni upande wa difu. Lile bonge la difu halikai katikati ya bomba, limesogea upande mmoja, kulia au kushoto, ili propela ipite pembeni ya injini. Propela ya gari ya mteja nayo inatokea upande fulani kwenye transfa. Zikiwa pande tofauti, hakuna fundi wa kuchomelea atakayekusaidia, itabidi kubadilisha transfa au kutafuta ekseli nyingine. Picha ya chini ya gari inamaliza swali hili kwa dakika moja. Mwambie mteja asimame mbele ya gari, apige simu ikiwa chini, ionyeshe difu ya sasa na propela yake mpaka inapoingia kwenye transfa.

Halafu stelingi, ambayo wauzaji wengi tunaisahau kabisa. Spea nyingi za mtumba zinapita Dubai na Sharjah, na magari ya kule yanaendeshwa kushoto. Kwenye ekseli ya Hilux ya zamani, fimbo inayotoka stelingi boksi inakuja kushika mkono uliofungwa juu ya tairi la upande wa dereva. Ukileta ekseli ya gari ya kushoto, mkono uko upande mwingine. Na hata ukiwa upande sahihi, stelingi boksi ya gari yenye mikono mbele inasukuma kulia na kushoto, wakati ile ya Hilux ya zamani inasukuma mbele na nyuma. Kwa hiyo anayenunua ekseli peke yake amenunua nusu ya kazi. Anahitaji stelingi boksi inayofanana nayo, au mikono mingine mirefu ya kuvusha fimbo upande wa pili kama wanavyofanya Wamarekani. Kwa muuzaji hii ni habari njema, maana ni vitu vitatu vya kuuza badala ya kimoja, ilimradi umwambie mapema. Ukimwambia baada ya kulipa anaona umemtega.

Upana nao upo. Zile za Marekani za mpaka 1985 ni nyembamba kwa kama inchi 3 kuliko mfumo uliofuata, kwa hiyo mbele inaonekana imebana kuliko nyuma. Mpimishe mteja kwa futi, tairi hadi tairi, mbele na nyuma, na wewe upime ekseli yako. Tofauti ndogo inarekebishika, cha msingi ajue kabla.

Ukishajua inaingia, sasa angalia hali yake. Kwenye kila mwisho wa bomba kuna tufe la chuma, tairi linageukia hapo. Lifute kwa kitambaa. Likiwa laini na linang'aa ni zuri, likiwa na vishimo vya kutu, hata ukiweka sili mpya litavuja tu. Ndani ya tufe inatakiwa kuwe na grisi nzito. Ukikuta uji mwepesi mweusi, sili ya ndani imekufa na oili ya difu imehamia huko. Sio mwisho wa dunia, sili zinauzwa, ila bei ishuke. Shika habu juu na chini utingishe, ikicheza jua beringi zimechoka. Kata tairi mpaka mwisho, zungusha. Ukisikia ka-ka-ka, jointi ya ndani inakwenda.

Hayo yote piga picha, hata mabaya. Mimi posti zangu siku hizi zina picha ya kutu karibu kabisa, na nimegundua wateja wanaouliza wamepungua ila wanaonunua wameongezeka. Picha nzuri sana inaleta watu wa "mwisho bei gani" tu.

Meseji ninayomtumia mteja kabla ya kupokea chochote ni hii, mnaweza kuiiba: "Kaka, kabla hujalipa nitumie picha ya chini ya gari kutoka mbele, video ya kipimo cha difu ya nyuma, upana wa tairi hadi tairi, na namba ya fundi atakayefunga. Mimi nitakutumia vile vile vya ekseli. Tukikubaliana kwa maandishi kuwa vinafanana, ndo utalipa nusu." Namba ya fundi ni muhimu. Nampigia namuuliza tu, "Fundi, springi utatumia zipi?" Kama anajua kazi ataongea robo saa. Atakuambia vishikio ataweka wapi, yubolti anataka mpya, paipu za breki lazima ziwe ndefu zaidi, shokapu ndefu, propela itafupishwa au kurefushwa kiasi gani. Akijibu "tutaona hapo hapo", mimi siuzi. Hii ni mbele ya gari, stelingi na breki viko hapo, na kuna familia ndani. Mwambie mteja pia aulize watu wa bima yake na trafiki kuhusu gari iliyobadilishwa hivyo, asubuhi moja tu inatosha.

Jambo jingine la usafirishaji: mwaga oili yote kwenye difu kabla ya kupeleka stendi, na uzibe matundu kwa plastiki. Mzigo unaovuja kwenye basi unashushwa, au unamwaga oili kwenye gunia la mchele la mtu na wewe ndo utakayelipa. Mikono na fimbo ndogo fungua, funga pembeni, andika namba ya simu kwa rangi juu ya bomba lenyewe, karatasi zinachanika.

Ila niseme ukweli ambao utakupunguzia mauzo ya siku moja. Watu wengi wanaoulizia hii kazi hawaihitaji. Ekseli nzima ni nzito, gari inarusha zaidi kwenye matuta, na ikifungwa vibaya stelingi inatetemeka mpaka unaogopa. Kama mtu anaishi Njiro na porini anaenda mara 2 kwa mwaka, mimi namuuzia boljointi nzuri, bushi na raba za shafti, namwambia asiguse chesisi. Kama kweli anafanya kazi kwenye mawe, bado namwambia apige hesabu: ekseli, springi, stelingi, propela, fundi, na wiki ambazo gari haifanyi kazi. Ajumlishe na bei anayoweza kuuza gari yake ilivyo. Wakati mwingine jibu ni kuuza na kununua Hilux iliyotoka kiwandani na ekseli nzima. Kuna mmoja alifanya hivyo, na spea za hiyo gari ananunua kwangu.

Turudi kwa kaka wa Karatu. Muuzaji wa Dar alisema mzigo ukishatoka haurudi. Ningeweza kumwambia mteja hivyo hivyo, na mke wangu alinishauri kwa heri kabisa nifanye hivyo, maana kodi ya fremu ilikuwa inakaribia. Lakini swali la meno nilitakiwa kuuliza mimi, yeye hata hajui difu ina meno. Kilichotuokoa ni kwamba kwenye ekseli ile kichwa cha difu kinatoka kizima, unafungua nati kwa nyuma bila kugusa kazi ya kuchomelea. Nilitafuta kichwa cha 41 kwa 10, nikakipata kwa laki 2 na elfu 80. Fundi elfu 90 kutoa na kurudisha. Usafiri elfu 60. Faida yangu ya laki 3 ikaisha, na laki 1 na elfu 30 ikatoka mfukoni. Vitunguu alikodi gari ya mtu kuvitoa, hasara hiyo aliibeba yeye, na sikuweza kumsaidia.

Siku 9 baadaye akaweka foo wili pale pale ilipokataa, ikapita. Stelingi ilikuwa hairudi yenyewe baada ya kona, fundi akaweka vikabari vya chuma kati ya springi na bomba kulilaza kidogo, ikakaa sawa. Anasema inarusha kuliko zamani, ila boljointi hajanunua tena, na mwezi uliopita amenileta binamu yake mwenye Hilux kama yake. Binamu nimemtumia ile meseji. Picha ya chini ya gari ameleta, video ya kipimo bado, kwa hiyo hela yake bado anayo yeye.

Na kile kichwa cha 39 kwa 8 kipo dukani, kimefutwa, kimewekwa oili, kimefungwa kwenye mfuko. Ukiwa na mteja wa difu hiyo nitafute, ila anza na video ya kipimo cha gari yake.